Kwa nini familia yetu inaandaa safari ya Liège na vijiji vyake

Familia nyingi za hapa Lubumbashi zikipata uwezo wa kwenda Ulaya huwaza kwanza Paris, halafu Bruxelles kwa sababu ya ndugu walioko Matonge, mtaa wa Wakongo wa huko, kisha mji wowote ambao majirani wamewahi kuutaja. Sisi tumechagua Liège, mji wa mashariki mwa Ubelgiji uliojengwa kwenye mto Meuse, pamoja na mashamba, misitu na vijiji vinavyouzunguka hadi kwenye vilima vya Ardennes. Shemeji yangu alipopata habari aliuliza kuna nini huko ambacho hakipatikani Paris. Swali lake ni la haki, nami nimeona nilijibu kwa maandishi, kwa kuwa katika kupanga safari hii nimejifunza mengi ambayo mzazi mwingine anayebeba watoto na mzee wake kwenda mbali anaweza kuyatumia.

Jibu langu la kwanza ni udugu. Liège na Lubumbashi ni miji iliyofungamana rasmi kama ndugu, lakini hata bila mkataba huo undugu wenyewe ungeonekana kwa macho. Watu wa Liège walichimba makaa ya mawe kwa karne nyingi, wakayeyusha chuma, wakafua bunduki, na mwanzoni mwa karne ya 19 mtu wao mmoja, Jean-Jacques Dony, akapata njia ya kutoa zinki katika mawe yake kwa kiwango cha kiwanda. Kandokando ya mji wao kuna vilima vya mabaki ya machimbo ambavyo leo vimefunikwa na miti. Mji wetu nao ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyelijua bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na mlima mweusi uliosimama karibu nalo. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwenye matanuru hayo hadi alipostaafu. Nataka wajukuu wake waone kwamba kazi ya babu yao ina historia ndefu duniani, na kwamba miji mingine imekwisha kupita katika njia ambayo mji wetu unapita sasa, ikiwa ni pamoja na siku ambayo madini yaliacha kuwa na faida na watu wakalazimika kutafuta maisha mengine.

Jibu la pili ni umri wa mji. Liège ilikuwa makao ya maaskofu waliokuwa pia watawala wa nchi, tangu mwishoni mwa karne ya 10 hadi mwaka 1795 Ufaransa ilipoitwaa. Kwa miaka mia nane askofu alikuwa na mahakama, jeshi na hazina yake, na jumba lake kubwa bado lipo katikati ya mji, likitumiwa leo kama mahakama na ofisi za mkoa. Mbele yake kuna uwanja mpana wa Saint-Lambert, ambao upana wake una sababu ya kusikitisha: hapo palisimama kanisa kuu ambalo wenyeji wenyewe, baada ya mapinduzi yao ya mwaka 1789, waliamua kulibomoa kama alama ya utawala waliouchoka. Ubomoaji ulianza mwaka 1794. Chini ya uwanja huo misingi ya kanisa imehifadhiwa pamoja na mabaki ya nyumba ya Warumi ya kale zaidi. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka 14, anayesoma historia kwa bidii, ameomba tuanzie hapo, nami naona amechagua vema, kwa sababu mji unaeleweka zaidi mtu anapojua kwanza kile ambacho wenyeji wake walikiharibu.

Lakini mahali ninapopangojea mimi ni kanisa la Saint-Barthélemy, lililo mwendo mfupi kutoka hapo. Ndani yake kuna birika la ubatizo lililotengenezwa kati ya miaka 1107 na 1118, ambalo wataalamu wengi humhesabia fundi mmoja wa mji jirani, Renier de Huy. Birika hilo ni la mchanganyiko wa shaba na zinki, na juu ya ukuta wake wa mviringo zimechomoza picha za ubatizo, katikati yake Yesu akibatizwa na Yohane katika Yordani. Watu wake wanageuka, wanainama, wengine wanatugeuzia mgongo, mavazi yao yanafuata mwili, na hayo yote yalisubiwa katika shaba miaka mia tisa iliyopita. Chini yake wamelala ng'ombe wanaolibeba. Walikuwa 12, wamebaki 10. Msomaji wa Biblia ataikumbuka mara moja ile bahari ya kusubu ambayo mfalme Sulemani aliiweka hekaluni juu ya ng'ombe kumi na wawili, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, na fundi alikusudia hasa tuikumbuke.

Nkambo, ndivyo watoto wanavyomwita mama wa mume wangu, alipoona picha ya birika hilo kwenye simu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, «Hii ni kazi ya watu waliojua moto.» Yeye ni mjane wa mtu wa tanuru, naye anajua shaba iliyoyeyuka inadai nini kwa mtu. Kwa mtu wa Katanga kuliona birika hilo kuna uzito wa pekee. Mababu zetu pia walikuwa mafundi wa shaba karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Misalaba midogo ya shaba waliyoisubu, ambayo ilizunguka kama mali na kuzikwa pamoja na wafu, inaonyeshwa katika jumba la makumbusho la hapa mjini kwetu. Nimewapeleka watoto kuiona kabla ya safari. Mzazi asiwapeleke watoto kustaajabia kazi za Ulaya kabla hawajaona za kwao. Kwangu hilo ni sharti.

Nkambo ana sababu zake nyingine za kuukubali mji huu, na kwa kweli ndizo zilizomaliza mjadala nyumbani. Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo parokia zetu huiadhimisha kwa maandamano na maua barabarani, ilianza Liège. Mtawa mmoja wa huko, Juliana wa Mont-Cornillon, aliitetea kwa miaka mingi, askofu wa Liège akaiweka katika jimbo lake mwaka 1246, na mwaka 1264 Papa Urbano wa Nne, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuhudumu Liège, akaieneza kwa Kanisa lote. Zaidi ya hayo, yapata kilomita 20 kutoka mjini, pembezoni mwa msitu, kuna kijiji cha Banneux. Wakatoliki wengi wa Kongo wanalijua jina hilo kupitia sala za Bikira wa Maskini. Mwaka 1933, kati ya Januari na Machi, msichana wa miaka 11 wa familia ya kazi ngumu, Mariette Beco, alisema amemwona Bikira Maria mara nane karibu na nyumba yao, na kwamba alionyeshwa chemchemi iliyotengwa kwa ajili ya mataifa yote na kwa ajili ya wagonjwa. Nyumba ile ndogo ipo, chemchemi ipo, na mahujaji hufika kwa wingi katika majira ya joto. Kwa Nkambo, siku ya Banneux ndiyo safari yenyewe, na mambo mengine yote ni njia ya kufika huko. Tumeiheshimu kwa kuipa siku nzima isiyo na jambo lingine lolote, wala kwenda mbio kuwahi basi.

Hilo linanileta kwenye kanuni tuliyojiwekea. Kila mtu katika familia, kuanzia Nkambo hadi mtoto wa mwisho ambaye hajafika miaka 6, amechagua jambo moja ambalo haliwezi kufutwa, na siku zilizobaki zimeachwa wazi. Nimeona ratiba za watu wanaotembelea nchi tano katika majuma mawili, wakilala kila usiku kwenye kitanda kipya na kukumbuka zaidi vituo vya treni kuliko miji. Mimi sitaki hivyo. Mji mmoja na mashamba yake vinatosha kabisa, hasa pale ambapo umbali ni mdogo kiasi kwamba unaweza kuamka mjini, kula mchana kijijini na kurudi kabla giza halijaingia.

Mume wangu amechagua mgodi wa Blegny, ulio katika mashamba ya kaskazini mashariki mwa mji. Ulifungwa mwaka 1980, ukiwa wa mwisho katika bonde la Liège kutoa makaa ya mawe, na mwaka 2012 uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na migodi mingine mitatu ya Wallonie. Mgeni huvaa koti na kofia ya kazi, huingia katika kizimba kilekile walichotumia wachimbaji, na kushushwa hadi kwenye mashimo ya mita 30 na mita 60. Huko huonyeshwa jinsi watu walivyochimba wakiwa wamelala ubavu katika nafasi nyembamba, vumbi lilivyowaua polepole, na farasi walivyokaa chini ya ardhi wakivuta vigari. Mtoto wa Lubumbashi amezoea mashimo makubwa yaliyo wazi juani. Mgodi wa chini kwa chini ni elimu nyingine.

Kuna jambo jingine la Blegny ambalo nataka watoto walisikie. Baada ya vita kuu ya pili Ubelgiji ilikosa watu wa kushuka migodini, na mwaka 1946 ikafanya mapatano na Italia ya kuletewa wafanyakazi kwa maelfu, huku Italia ikiahidiwa makaa ya mawe. Wanaume wale walifika kwa treni wasijue lugha wala kazi, na wengi walilala katika mabanda yaliyokuwa yamejengwa kwa wafungwa wa vita. Leo wajukuu wao ni Wabelgiji, na majina ya Kiitaliano yamejaa Liège kila mahali. Katika mji huu wetu, ambako familia nyingi zilifika kwa treni ya kampuni kutoka Kasai, Rwanda au ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na ambako swali la nani ni mwenyeji limewahi kuleta machozi, habari hiyo inastahili kusimuliwa kwa utulivu mbele ya watoto.

Mvulana wetu wa miaka 10 amechagua uwanja wa mpira wa Standard de Liège, huko Sclessin. Sikushangaa. Yeye ni shabiki wa TP Mazembe, timu ya mji wetu, na mjomba wake amemsimulia jinsi Dieumerci Mbokani, aliyewahi kuvaa jezi ya Mazembe, alivyokuwa mshambuliaji wa Standard ilipochukua ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2008 na 2009. Uwanja uko kando ya mto, na tangu Aprili 2025 tramu mpya inaunganisha sehemu hiyo na katikati ya mji, kwa hiyo Nkambo hatatembea kwa miguu.

Kutembea ndiyo hesabu ngumu. Mtazamo mzuri kuliko yote wa mji unapatikana juu ya ngazi za Montagne de Bueren, ambazo ni 374, zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 ili askari washuke kutoka ngomeni bila kupita vichochoro. Vijana watazipanda. Nkambo na mdogo watabaki nami chini, au tutazunguka kwa gari hadi juu. Asubuhi ya Jumapili tutakwenda wote La Batte, soko refu linalofuata ukingo wa Meuse, ambako huuzwa jibini, kuku hai, maua, nguo na matunda. Baada ya Misa ya kwanza, kwa sababu mchana wauzaji huanza kufunga. Watoto wamekwisha kuniahidisha gofri ya Liège, ile nene yenye punje za sukari zinazoyeyuka na kushika rangi kwenye chuma cha moto. Mimi nataka kuonja nyama ya mviringo ya kwao, iliyopikwa kwa mchuzi wenye asali nzito ya matufaha na mapera. Asali hiyo, ambayo wao huiita siro ya Liège, hutoka katika bustani za matunda za nchi ya Herve, na njia ya kwenda Blegny inapita katikati ya bustani hizo.

Kuhusu mashambani, tumechagua mambo machache. Bonde la Amblève lina pango la Remouchamps, ambalo mtu hulitembelea kwa miguu kisha kurudi kwa mashua juu ya mto unaopita chini ya ardhi, na treni inayokwenda kusini kutoka Liège husimama Coo, karibu na maporomoko ya maji yenye kimo cha mita zipatazo 15. Aliyeona Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu hataita Coo maporomoko makubwa, lakini mahali pana kijani, watoto wana michezo, na kituo cha treni kiko karibu. Spa, mji uliofanya jina lake liwe jina la kila mahali pa kuoga maji ya tiba, nao uko katika vilima hivyo. Petro Mkuu wa Urusi alifika mwaka 1717 kunywa maji yake yenye chuma, na tangu 2021 mji huo ni sehemu ya urithi wa dunia.

Mahali pa mashambani ninapopapenda zaidi katika mpango wetu ni Hautes Fagnes, tambarare ya juu yenye majani, maji meusi ya kinamasi na njia za mbao zinazomwezesha mtu kupita bila kuzama. Hapo ndipo ilipo Botrange, sehemu ya juu kuliko zote nchini Ubelgiji, mita 694 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1923 waliongeza kilima kidogo chenye ngazi ili anayepanda afikie mita 700. Lubumbashi iko kwenye mita zipatazo 1,200. Nimemweleza mvulana wetu kwamba atakaposimama kileleni mwa Ubelgiji atakuwa chini ya kitanda chake cha nyumbani kwa mita 500, naye amelikokotoa upya kwenye daftari ili kuhakikisha. Upepo wa huko ni mkali hata wakati wa joto, na ukungu hushuka ghafla, kwa hiyo hatutaondoka kwenye njia zilizowekwa.

Tumechagua mwezi wa Agosti kwa sababu tatu. Shule zetu zimefungwa hadi Septemba. Jua la Liège katikati ya mwezi huo huzama karibu saa tatu usiku, jambo linaloongeza mchana wa kutembea. Na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mtaa wa Outremeuse, uliozungukwa na maji ya Meuse, hufanya sherehe kubwa kuliko zote za mwaka, yenye muziki, maandamano, na Misa ya nje inayosomwa kwa Kiwaloni, lugha ya wazee wa huko. Nkambo, aliyeishi wakati Misa ilipokuwa bado katika Kilatini, anataka kuwasikia Wazungu wakisali kwa lugha ya nyumbani kwao. Kuhusu baridi, mtu wa Lubumbashi anayeamka asubuhi ya Julai hahitaji kufundishwa sweta. Tofauti ni mvua: kwetu Agosti haina tone, kwao inaweza kunyesha siku yoyote, na kila mmoja atakuwa na koti la mvua na viatu visivyopitisha maji.

Siku moja tumeitenga kwa Tervuren, nje ya Bruxelles. Kutoka Liège treni hadi Bruxelles huchukua muda wa saa moja hivi, kisha kuna tramu namba 44 inayopita msituni kuanzia Montgomery. Jumba la makumbusho la Afrika lilifunguliwa huko mwaka 1910, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa mji wetu, na baada ya kufungwa kwa matengenezo ya miaka mitano lilifunguliwa tena Desemba 2018 likijaribu kusema ukweli ambao kabla ya hapo lilikuwa limeuficha. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongo 267 ili waonyeshwe katika vijiji vya kuigiza, watu wakilipa nauli kuja kuwatazama. Saba walifariki katika majira yale ya joto, yaliyokuwa na baridi na mvua. Wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren, na majina yao yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Tutakwenda kwanza makaburini, tutataja majina hayo kwa sauti, Nkambo ataongoza sala, ndipo tutaingia katika jumba.

Binti yetu ameuliza kama inafaa kutumia akiba ya familia kutembelea nchi iliyotufanyia hayo. Nilimjibu kwamba sehemu ya historia yetu imehifadhiwa kule, na kwamba mwenye mali haoni haya kwenda kuitazama mali yake. Mjini Bruxelles, mlangoni mwa Matonge, kuna uwanja unaoitwa Patrice Lumumba tangu mwaka 2018. Yeye aliuawa hapa kwetu, katika pori lisilo mbali na mji, tarehe 17 Januari 1961, na jino lake, sehemu pekee ya mwili iliyobaki, lilikaa Ubelgiji hadi lilipokabidhiwa kwa familia yake Juni 2022. Mtoto wa Lubumbashi anapaswa kusimama pande zote mbili za habari hiyo.

Sasa karatasi, ambazo ndizo zinazowakatisha wengi tamaa. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, inaruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa kila aliyetimiza miaka 12, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa aliye chini ya 6. Kwetu hiyo ni euro 405 kabla ya gharama yoyote ya huduma, nayo hairudishwi viza ikikataliwa. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45, na kwa msafiri wa Agosti hiyo maana yake ni kuwa na faili kamili mwezi wa Aprili au Mei. Paspoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki halali angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Alama za vidole huchukuliwa kwa kila aliyetimiza miaka 12.

Kwa wenye watoto, ugumu hauko kwenye fedha tu. Sheria yetu inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto baada ya kuzaliwa. Aliyepitwa na muda huo anahitaji hukumu ya mahakama ndipo komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, itoe cheti, na hukumu hiyo haipatikani kwa juma moja. Namsihi kila mzazi aanze na cheti cha kuzaliwa kabla hata ya kuuliza bei ya ndege. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na nkambo wake, mzazi anayebaki lazima atoe ruhusa iliyoandikwa na kuthibitishwa. Anayepokelewa na ndugu aliyeko Ubelgiji anaweza kutumia hati ya kuchukuliwa gharama, ambayo ndugu huyo huisaini katika komine yake. Sisi tunajilipia wenyewe, kwa hiyo tunakusanya taarifa za benki za miezi kadhaa, barua za kazi, hati ya nyumba, na uthibitisho wa malazi. Tiketi tumeweka nafasi tu, na hatutailipa hadi viza zitoke. Ubelgiji ina ubalozi mdogo hapa Lubumbashi, na ni afadhali kuuliza huko utaratibu wa siku hizi kuliko kumlipa mtu wa barabarani anayejiita mtaalamu wa viza.

Kadi za chanjo ya homa ya manjano tutazibeba, maana zinadaiwa mtu anaporudi Kongo. Na mtoto akipata homa tukiwa huko, jambo la kwanza la kumwambia daktari ni kwamba tumetoka katika nchi yenye malaria, kwa sababu daktari wa Liège asipoambiwa anaweza kufikiria mafua.

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, tutapita Addis-Abeba hadi Bruxelles, kisha treni kupitia Leuven hadi Liège-Guillemins, kituo cha chuma na kioo kilichobuniwa na Santiago Calatrava na kufunguliwa mwaka 2009. Malazi ndiyo yaliyobaki. Hoteli kwa watu sita ni ghali na haina jiko, na Nkambo hawezi kukaa majuma mawili bila kuuona bukari, yaani ugali. Tunatafuta nyumba ya kupanga yenye jiko, Outremeuse au karibu na Guillemins, iwe ya chini au yenye lifti, kwa ajili ya magoti yake. Nyumba nyingi za zamani za Liège ni nyembamba, zenye ngazi kali tangu mlangoni, kwa hiyo namwomba yeyote wa kwetu aliyesoma au kuishi huko aniandikie ni mitaa ipi yenye nyumba za namna tunayoitafuta. Unga tutaubeba kutoka hapa.